Shajara ya mradi: baiskeli ya Shinyanga katika milima ya Mbeya

Oktoba 19

Baiskeli imefika. Ilisafiri katika buti la basi ikiwa imevuliwa magurudumu yote mawili, usukani umegeuzwa ukalala sambamba na fremu, na pedeli zimefungwa ndani ya gunia pamoja na spana namba 15 ambayo baba alinisisitizia mara tatu nisiipoteze. Ni Phoenix nyeusi ya magurudumu makubwa, isiyo na gia, yenye breki za vyuma virefu vinavyovuta mipira kutoka chini ya rimu. Kwa miaka minane baba aliitumia mjini Shinyanga kubebea abiria, kazi ambayo kwetu huitwa daladala ingawa hakuna gari linalohusika, na keria yake bado ina mto wa sponji uliokaliwa na watu wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza wa uhandisi ujenzi katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, upande wa Iyunga. Chumba nilichopata kipo katika mtaa mmoja ulio juu ya Mwanjelwa, kama kilomita sita kutoka chuoni. Nauli ya daladala ni shilingi 600 kwenda na 600 kurudi, na kwa fedha ninazotumiwa nyumbani hiyo ni sawa na kuchagua kati ya kusafiri na kula mchana. Kwa hiyo lengo la mradi huu ni kwenda na kurudi chuoni kwa baiskeli siku zote za masomo, bila kushuka na kuisukuma mahali popote. Nimeliandika lengo kwa maneno hayo hayo ili baadaye nisije nikalibadilisha kimyakimya na kujifanya nimelifikia.

Kwa asiyelijua jiji hili, ni vizuri nieleze lilivyokaa. Mbeya imelala kati ya safu ya milima ya Mbeya upande wa kaskazini, ambako kilele cha Loleza kinauchungulia mji moja kwa moja, na milima ya Uporoto upande wa kusini-mashariki. Barabara kuu ya TANZAM inaingia jijini kwa Uyole, inapita Mwanjelwa na Mafiati, inafika Iyunga, kisha inaendelea Mbalizi na hatimaye Tunduma mpakani mwa Zambia. Kwa sehemu kubwa barabara hiyo inashuka kadiri inavyokwenda magharibi, na mitaa iliyo upande wa milimani inashuka kuifuata. Maana yake kwangu ni kwamba asubuhi nitakuwa ninateremka na jioni, nikiwa nimechoka, nitakuwa ninapanda.

Oktoba 21

Safari ya kwanza. Kwenda nimetumia dakika 24, kurudi dakika 51. Nimeshuka mara tatu, na mara ya tatu ilikuwa kwenye mlima wa mtaani kwetu wenyewe, ambapo mama mmoja aliyekuwa anauza maparachichi alinitazama nikihema juu ya usukani, akauliza kwa upole mkubwa: "Mwanangu, leo nani kambeba mwenzake?"

Jioni nilitaka kuilaumu hewa. Mbeya ipo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Shinyanga ni mita 1,100 na ushee, kwa hiyo ni kweli kwamba kila pumzi hapa ina oksijeni kidogo kuliko niliyoizoea. Hata hivyo nilimwazimisha baiskeli yangu mwenzangu wa darasani, mzaliwa wa Tukuyu ambaye hewa ya milimani ndiyo aliyoanza kuivuta, naye akashuka karibu pale pale niliposhuka mimi. Alinirudishia usukani, akasema: "Gwe, hii ni ya kwenu huko, siyo ya huku." Nadhani amemaliza mjadala wa hewa.

Oktoba 27

Kabla ya kugusa spana nilitaka kujua mlima wenyewe una ukali gani, maana neno "mkali" halikokotoleki. Sikuwa na kifaa cha kupimia, lakini tulishafundishwa kwamba mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ukijazwa maji, hutoa usawa usio na ubishi, na ndivyo mafundi ujenzi wanavyopata usawa wa msingi kila siku. Nilinunua mita 10 za mpira huo, nikashika ncha moja chini, mwenzangu akashika ya pili juu, tukapanda mlima hatua kwa hatua tukiandika tofauti ya maji kwenye rula ya mbao. Watoto wa mtaa walidhani tunaleta bomba jipya, na mzee mmoja alitoka kuuliza kama mtaro utapita uani kwake.

Matokeo: urefu wa mlima ni mita 350, na katika sehemu yake kubwa barabara inapanda mita 8 katika kila mita 100.

Baada ya hapo hesabu ilijieleza. Sahani ya meno ya mbele, ile inayozungushwa na pedeli, ina meno 44. Friwili, yaani sahani ya nyuma inayolia tik-tik mtu anapoacha kunyonga, ina meno 18. Gurudumu likizunguka mara moja linasogea mita 2.2. Kwa hiyo kila ninapomaliza mzunguko mmoja wa pedeli, baiskeli inakwenda mita 5.4 hivi. Mimi nina kilo 58, baiskeli ina kilo 22, begi la vitabu lina kilo 6. Jumla ni kilo 86. Ili kuupandisha mzigo huo kwenye mlima wa 8 kwa 100 kwa mzunguko wa mita 5.4, miguu inatakiwa isukume pedeli kwa wastani wa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 35. Hiyo ni wastani tu. Pedeli ikiwa juu kabisa au chini kabisa mguu hausaidii kitu, kwa hiyo pedeli inapopita mbele mguu lazima ufidie, na hapo nguvu inafika karibu kilo 55. Uzito wangu wote ni 58. Kwa maneno mengine, nilikuwa nasimama juu ya pedeli kwa mwili mzima ili baiskeli isogee kidogo tu, na begi likiongezeka kitabu kimoja mlima unashinda.

Sikutegemea hesabu ingenifariji, lakini imenifariji.

Novemba 3

Fundi nimempata Mwanjelwa, mzee mwenye kibanda cha mabati ambacho nusu ya kuta zake ni tairi kuukuu. Nilimweleza kwamba nataka friwili kubwa, ya meno 22 akiwa nayo. Aliizungusha Phoenix, akabonyeza spoku mbili tatu kwa vidole, kisha badala ya kunijibu akaniuliza: "Breki zake zikoje, mwanangu?"

Nilimwambia breki ni nzima, baba alizibadilisha mipira mwezi wa nane. Akaguna, akaendelea na kazi. Ninaliandika hapa guno hilo kwa sababu wakati huo sikulisikiliza.

Friwili ya meno 22 imenigharimu shilingi 9,000 na ufundi 3,000. Meno manne ya ziada yalifanya mnyororo uwe mfupi, na mzee akaungia jozi moja ya vipande kutoka mnyororo wa zamani bila kudai senti. Sasa mzunguko mmoja unanipeleka mita 4.4, na ile nguvu ya wastani ya kilo 35 imeshuka hadi 28.

Novemba 20

Majuma mawili ya majaribio. Mlima wa mtaani ninaupanda nikiwa nimekaa, isipokuwa mita 60 za mwisho ambapo nasimama. Muda wa kurudi umepungua kutoka dakika 51 hadi 38. Gharama ya badiliko hili inaonekana sehemu tambarare: nikinyonga mizunguko 60 kwa dakika, zamani ningekwenda kilomita 19 kwa saa, sasa ni chini kidogo ya 16, na vijana wa chuoni wenye baiskeli za gia wananipita wakinipungia mkono. Nilipompigia baba kumweleza, alinyamaza kwanza, kisha akasema kwamba nimemchukua farasi wake nikamfanya punda. Hakukasirika sana; aliuliza kama kengele bado inalia.

Nilikuwa nimeanza kuandika kwamba mradi umekamilika.

Novemba 28

Mradi haujakamilika. Mvua za msimu zimeanza, na leo asubuhi imenyesha ile ya kweli ya Mbeya, inayoanza na ukungu mweupe uliofunika Loleza yote na kuishia kwenye mifereji inayonguruma. Niliondoka saa moja kasoro. Mlima ule ule nilioupima kwa mpira, safari hii nikiwa ninaushuka, nilianza kubana breki kama kawaida katika theluthi ya kwanza. Hakuna kilichotokea. Nilibana kwa nguvu zaidi, vidole vikauma, na baiskeli ikaendelea kuongeza mwendo kana kwamba vyuma vya breki havikuunganishwa na kitu chochote. Mlima huo unaishia kwenye barabara inayoelekea TANZAM, na TANZAM asubuhi ni msururu wa malori yanayokwenda na kutoka Zambia na Kongo. Kwa bahati yangu kuna mtu anajenga, na fungu lake la mchanga lilikuwa limemwagwa nusu barabarani, jambo ambalo wiki nzima lilikuwa likiniudhi. Niliuelekeza usukani huko.

Goti limechubuka, madigadi ya mbele imepinda, daftari la mekanika limelowa. Mwenye nyumba alitoka, akanipa maji ya kunawa, akasema: "Pole, binti. Kesho nitausogeza huu mchanga." Nilimwomba asiusogeze kwanza.

Desemba 1

Jaribio la breki, uwanjani, mahali palipo sawa kabisa. Kwa kuwa mzunguko mmoja wa pedeli ni mita 4.4, nikinyonga mizunguko 57 kwa dakika ninakwenda kilomita 15 kwa saa. Mwenzangu alihesabu kwa simu na kunipigia filimbi nikipita mstari wa chokaa.

Rimu zikiwa kavu, baiskeli ilisimama baada ya mita 5. Tulipomwagia rimu maji kutoka kwenye kidumu, ilisimama baada ya mita 14, na tulirudia mara sita kwa sababu sikuamini. Rimu za Phoenix ni za chuma kilichong'arishwa, laini kama kijiko, na mpira wa breki juu ya kijiko kilicholowa unateleza tu.

Lakini mita 14 si habari yenyewe. Habari ilitoka nilipozigeuza namba hizo kuwa mwendo unaopotea. Kusimama ndani ya mita 14 kutoka kilomita 15 kwa saa maana yake breki zilizolowa zinapunguza mwendo kwa kilomita 2.2 kwa saa katika kila sekunde. Mlima wa 8 kwa 100, kwa upande wake, unaongeza mwendo kwa kilomita 2.8 kwa saa katika kila sekunde. Mteremko unaongeza kuliko breki zinavyopunguza. Siku ile ya mvua sikuwa na breki dhaifu. Kwa mlima huo, sikuwa na breki kabisa, na hata ningebana kuanzia nyumbani nisingesimama.

Shinyanga hesabu hii haikuwahi kumsumbua baba, maana hakuna mteremko wa kuiamsha. Mvua ikinyesha aliacha kunyonga tu, na ardhi yenyewe ikamsimamisha. Nami nilikuja hapa nikaiwekea baiskeli ya tambarare dawa ya kupandia, nikasahau kwamba kila mita ninayopanda jioni nitadaiwa asubuhi.

Kuanzia leo, asubuhi ya mvua napanda daladala.

Desemba 14

Nimerudi kwa mzee wa Mwanjelwa. Nilimweleza matokeo yote, naye alisikiliza bila kunikumbusha swali lake la Novemba, heshima ambayo sikustahili. Tulizungumza njia tatu. Ya kwanza ni kubadili mipira pekee. Alinifungia mipya laini kwa shilingi 2,000, akaonya kwamba itasaidia kidogo tu, na ndivyo ilivyo. Ya pili ni kuweka rimu za aluminiamu, ambazo hushika vizuri zaidi zikilowa, lakini rimu za aluminiamu za ukubwa wa Phoenix hana na hajaziona sokoni, na kuingiza gurudumu dogo kungeharibu mpangilio wa zile breki za vyuma. Ya tatu ni kuacha kabisa kutegemea rimu: kutafuta gurudumu la nyuma lenye ngoma pembeni ya habu (kitovu cha gurudumu), ambayo huzungukwa na mkanda wa chuma wenye bitana (utando wa kusugulia) kwa ndani, na waya ukivutwa mkanda unaibana ngoma. Ngoma hiyo imefunikwa kwa kopo, ipo mbali na matope, na mvua haiifikii kwa urahisi.

"Zipo kwenye baiskeli za mtumba za Kijapani," alisema, "zile za kina mama, zenye kapu mbele. Subiri mzigo."

Nimesubiri. Mitihani ya majaribio imefika, kwa hiyo hata kusubiri kwenyewe hakukuwa na uchungu.

Januari 11

Gurudumu limepatikana. Limetoka kwenye baiskeli ya Kijapani ambayo fremu yake ilivunjika, na ubavuni mwa tairi limeandikwa inchi 27, yaani ukubwa unaopungua kwa milimita chache tu kutoka wangu, kwa hiyo limeingia kwenye fremu ya Phoenix baada ya mzee kuitanua kidogo kwa mikono na goti. Friwili yangu ya meno 22 imekaa kwenye habu yake bila mgogoro, kwa kuwa hesi zake ni zile zile. Nimelipa shilingi 35,000 kwa gurudumu na tairi lake, 6,000 kwa waya na mkono wa breki, na 8,000 kwa ufundi. Breki ya vyuma ya nyuma imevuliwa. Ya mbele imebaki.

Ni zaidi ya nilivyopanga kutumia mwezi mzima. Nimekula ugali na mboga za majani kwa siku kadhaa, na sina malalamiko, kwani majani ya maboga ya Mbeya ni mazuri.

Januari 14

Kasoro. Breki ya mkanda ina mkono mfupi wa chuma unaotakiwa kufungwa kwenye bomba la fremu ili mkanda usizunguke pamoja na gurudumu. Kwenye baiskeli ya Kijapani bomba hilo ni jembamba kuliko letu, na kishikio kilichokuja na gurudumu kilifungwa kwa kulazimishwa. Leo nilipobana breki kwa nguvu mara ya kwanza mteremkoni, kishikio kiliteleza, mkono ukazunguka, waya ukakatika, na nikasikia mlio ambao sitaki kuusikia tena. Ilikuwa mchana mkavu, mwendo ulikuwa mdogo, na breki ya mbele ilitosha.

Mzee alijilaumu kuliko nilivyomlaumu. Amenichongea kishikio kipya kwa bamba la chuma, chenye bolti mbili badala ya moja, akafunga kipande cha tyubu kati yake na bomba ili kisiteleze. Ametaka kunipa bure; tumekubaliana shilingi 2,500. Nilimshukuru kwa Kinyakyusa nilichofundishwa, "ndaga fijo", akacheka hadi akaweka spana chini. Nikamwambia kwetu husema "wabeja", naye akajaribu kulirudia neno hilo hadi nilipoondoka.

Januari 18

Jaribio la breki limerudiwa kwenye uwanja ule ule, kwa mwendo ule ule, rimu zote zikiwa zimelowa kwa kidumu kile kile. Baiskeli imesimama baada ya mita 7. Hiyo ni sawa na kupunguza kilomita 4.5 kwa saa katika kila sekunde, dhidi ya 2.8 zinazoongezwa na mlima. Kwa mara ya kwanza breki zinaushinda mteremko.

Ushindi wenyewe ni mwembamba. Nikishuka mlima huo kwenye mvua kwa kilomita 15 kwa saa nitahitaji karibu mita 19 kusimama. Nikishuka kwa kilomita 10, mita 8 na nusu zinatosha. Nimeamua 10 ndiyo mwendo wangu wa mvua, na nimejifunza kuutambua kwa sikio, maana breki ya mkanda ikilowa unyevunyevu hulia mlio mrefu wa kukwaruza ambao hupanda na kushuka kulingana na mwendo. Mlio ukiwa mwembamba, nimezidisha. Nimemwambia baba kwamba kengele haihitajiki tena.

Februari 9

Tatizo dogo ambalo limenila muda mwingi ni tope. Vichochoro vinavyoniepusha na barabara kuu ni vya udongo, na udongo wa Mbeya, ambao sehemu yake ni majivu ya volkano ya zamani, wakati wa kiangazi hupeperuka kama unga na wakati wa mvua hugandia tairi tabaka juu ya tabaka hadi gurudumu likakwama chini ya madigadi. Nimeinyanyua madigadi ya nyuma kwa vipande viwili vya bomba. Kijiti cha kukwangulia tope ninakifunga kwenye keria. Begi nalifunika kwa kipande cha turubai, mguu wa kulia wa suruali naufunga kwa mpira wa tyubu usiliwe na mnyororo, na shati la darasani linasafiri ndani ya begi. Mambo haya kila mwendesha baiskeli wa hapa anayajua, na hakuna aliyeniambia hata moja.

Machi 2

Kuhusu TANZAM. Upanuzi wa barabara ya njia nne unaendelea katika maeneo mengine ya jiji, na mahali palipochimbwa waendao kwa miguu, bajaji, bodaboda na baiskeli wote wanasukumwa kwenye ukanda mmoja wa vumbi pembeni ya malori. Nimejiwekea utaratibu: ninaitumia barabara kuu pale tu ambapo hakuna kichochoro, ninakaa kushoto kabisa kama sheria inavyotaka, na nikisikia lori linapiga honi nyuma yangu wakati lingine linakuja mbele, ninashuka na kusimama nje ya lami, bila kujali nani ana haki. Dereva wa lori lililobeba shaba hawezi kuamua ghafla kusimama, sasa ninajua kwa nini, na yeye ana tani nyingi kuliko kilo zangu 86. Mteremko wa Iwambi, mbele ya Iyunga, sijaufika na sina shughuli itakayonifikisha huko kwa baiskeli.

Wabeba mkaa wa huku nimewatazama kwa heshima mpya. Sehemu kali hawapandi juu ya baiskeli zao hata wakiwa wanashuka. Wanatembea pembeni, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye gunia, wakiuzuia mzigo kwa mwili. Zamani nilidhani wamechoka.

Machi 30

Hesabu ya fedha, kwa kuwa ndiyo iliyoanzisha yote. Usafirishaji kutoka Shinyanga 15,000, friwili na ufundi wake 12,000, mipira ya breki 2,000, gurudumu 35,000, waya na mkono wa breki 6,000, ufundi wa Januari 8,000, kishikio 2,500, taa ya mbele na ya nyuma 7,000. Jumla ni shilingi 87,500, sawa na nauli ya siku 73. Hadi leo nimekwenda chuoni kwa baiskeli siku 78. Nimevuka deni kwa siku tano, ingawa sijahesabu ugali wa ziada ambao mtu anayepanda milima hulazimika kula.

Aprili 13

Lengo la Oktoba lilisema bila kushuka na kuisukuma mahali popote. Sijalifikia na nimeacha kulitafuta. Jioni, begi likiwa zito au mvua ikiwa imeacha utelezi, mita 60 za juu za mlima wetu ninazitembea, na muda unaoongezeka ni dakika moja tu. Asubuhi ya mvua kubwa, ile ya ukungu, ninashuka mlima wote kwa miguu kama wabeba mkaa hadi pale barabara inapolala, ndipo ninapopanda. Mama wa maparachichi ameshanizoea. Siku hizi hasemi kitu kuhusu nani kambeba mwenzake, huniuliza tu kama leo ninashuka juu ya baiskeli au pembeni yake, ili ajue kama aondoe beseni njiani.

Lengo jipya nimeliandika ukurasa wa kwanza, chini ya lile la zamani, bila kulifuta la zamani: kufika chini ya mlima kila siku kwa mwendo ambao ningeweza kusimama.

Juni 8

Baridi ya kipupwe imeingia. Alfajiri vidole vinakufa ganzi kabla sijafika nusu ya mteremko, na kidole kilichokufa ganzi hakijui kimebana breki kiasi gani, kwa hiyo nimenunua glavu za sufu za mtumba kwa shilingi 1,500. Gurudumu la nyuma limeanza kucheza kidogo. Gololi za habu zinahitaji kusafishwa na kuwekewa grisi. Bitana ya mkanda imebaki nusu ya unene wake. Mzee amesema anayo nyingine aliyoitunza tangu Januari kwa ajili yangu, na nimwendee Jumamosi, nikibeba ile spana namba 15 kwa sababu ya kwake ameipoteza.